Daftari la Katibu wa Bustani za Reli

Akidi haikutimia
mpaka Zdenka alipolivua koti lake
tukaona kifuani kuna mtoto, amelala.
Tukamhesabu.

Mimi, Bohdana, katibu kwa mwaka wa tisa
katika mji huu mdogo wa Moravia,
naandika yaliyosemwa
na machache yaliyonyamaziwa.

Kwanza, mashine ya kukamua matufaha.
Imevunjika jino.
Bwana Oldřich anasema mashine ni nzima,
sisi ndio tuliochoka.
Vuli iliyopita foleni ilifika kwenye reli:
matoroli, magunia, matufaha yenye makovu ya mvua ya mawe,
na juisi ikatoka ya rangi ya kutu,
tamu hata nyigu wakaja
wasiolipa ada.
Gharama ya jino jipya iko ukurasa wa hesabu,
ambao Mweka Hazina Ctirad ameumwagia chai.

Pili, sakitu.
Katikati ya Mei huku huja watakatifu watatu,
Pankrác, Servác, Bonifác,
kila mmoja na siku yake, kila mmoja na ndevu za barafu,
na mwenye akili hatoi miche ya nyanya nje
kabla hawajapita.
Mwaka huu Servác alikuja na hasira.
Aprikoti zilikuwa bado ndogo, sawa na kucha ya kidole cha mwisho.
Saa nane usiku simu zikalia nyumba hadi nyumba,
tukatoka na majani makavu, vikonyo vya mizabibu,
kiti kibovu cha marehemu shangazi ya mtu.
Dawa ya moto ni moto;
ya baridi pia.
Moshi ukatambaa chini ya miti kama blanketi lililochanika
nasi tukalivuta huku na huku, lifunike wote.

Hapa naomba iandikwe:
Květa na Radim, ambao kwa miaka saba
hawajasalimiana kwa sababu ya bomba moja la maji,
walisimama kwenye moto mmoja.
Květa akatoa kiberiti bila kumtazama.
Radim akakipokea bila kushukuru.
Kwa watu wa huku
hayo ni mazungumzo marefu.

Tatu.
Mpea wa njia ya makaburini utakatwa,
magari yapate mahali pa kuzungukia.
Hakuna ajuaye jina la mpea ule.
Tulipekua vitabu, tukapeleka matunda kwa mtaalamu wa Brno,
naye akayala, akasema: sijui, leteni mengine.
Basi Februari tulikata vijiti, tukavihifadhi mchangani,
na Aprili Oldřich akaenda navyo shuleni.
Chonga mshazari. Linganisha gome kwa gome,
kijani kiguse kijani.
Funga. Paka nta.
Plasta tatu zilitumika, machozi ya mmoja tu.
Kati ya vijiti thelathini, kumi na moja vimeshika,
na kila kimoja kimening'inizwa jina ambalo watoto wamelibuni:
Pea la Mwendesha Baiskeli. Pea la Bibi Asiyesikia.
Jingine ni Pea, basi.

Swali kutoka kwa Oldřich: vitazaa lini?
Jibu: miaka sita, pengine saba.
Oldřich ana themanini na nne.
Ukumbi ukawa na shughuli za ghafla,
huyu akatafuta miwani, yule akakuna goti.
Yeye akaangalia ratiba ya kumwagilia ukutani,
akauliza ni nani wa Alhamisi.
Hakuna, nikasema.
Niandike.

Mengineyo: mtu asiyejulikana
ameacha tena ndoo ya maboga machanga getini.
Anaombwa aache.
Sote tunayo. Majirani wetu wanayo.
Paroko amefunga mlango.

Mkutano haukufungwa rasmi.
Treni ya saa moja ilipita, tukanyamaza ipite,
mtoto akaamka,
na watu wakaenda kutafuta ndoo zao.